Siri za Watu Mfukoni Mwangu

Mwaka jana, msimu wa mavuno, nilikopa shilingi elfu hamsini kwenye simu. Nilikuwa nimeegemea magunia pale soko la mazao Kibaigwa, malori yanapakia, wapagazi wanapiga kelele, na mimi natafuta cha kujazia mtaji ili na mimi nionekane nafanya biashara ya mahindi. Programu ile ikaniuliza kama naikubalia kusoma majina yaliyomo kwenye simu. Kitufe kimoja kiliandikwa Ruhusu, kingine Kataa. Jamani, mwenye shida ya hela hasomi kitufe cha pili. Nikabonyeza.

Bei ikashuka, siku saba zikaisha. Siku ya nane meseji zikaanza kutembea. Mjomba akatumiwa, mwalimu wangu wa zamani akatumiwa, hata fundi baiskeli ambaye namba yake niliihifadhi kwa ajili ya pancha moja tu. Ujumbe ulikuwa mmoja: huyu ni tapeli, mwambieni alipe. Niliona aibu, sikatai. Lakini sikuja hapa kuililia aibu hiyo, maana deni lilikuwa langu na nimeshalilipa. Kilichoninyima usingizi ni swali la dada mmoja anayeuza wali na maharage karibu na barabara kuu. Alinijia na simu yake mkononi, akasema kwa upole:

"Mdogo wangu, deni lako halinihusu. Ila hawa watu, namba yangu wameipata kwa nani?"

"Dada, mitandao ya siku hizi, unajua tena," nikamjibu.

Uongo mtupu. Waliipata kwangu.

Na ubaya haukuishia kwenye namba. Sisi hatuandiki majina kwenye simu kama yalivyo kwenye cheti cha kuzaliwa, tunaandika ili tumkumbuke mtu. Fundi Pancha. Mama Mwenye Nyumba. Fulani Ananidai. Huyu dada aliwahi kuniomba nimchukulie dawa zake, kwa vile asingeweza kuacha sufuria jikoni na wateja wamejaa. Aliniamini. Nami, ili nisimchanganye na mama lishe wengine, nikaandika jina lake na pembeni nikaongeza neno moja, la ugonjwa wake. Neno hilo silirudii hapa. Lilikaa humo kimya mpaka siku niliyobonyeza Ruhusu.

Sasa hebu tujiulize, ndugu msomaji, siri ile ilikuwa ya nani? Simu ni yangu, nimeinunua kwa jasho langu, na lile neno niliandika mwenyewe. Kwa hoja hiyo ningeweza kumpa nimtakaye. Lakini mkulima akitoka Kiteto na mahindi yake, akakuachia umlindie kwa usiku mmoja, magunia hayawi yako kwa sababu yamelala ghalani kwako. Ukiyaweka rehani ili upate hela ya matumizi, hapa sokoni tuna jina la mtu kama wewe. Ndicho nilichofanya. Niliweka rehani mali ya watu, na wenyewe hawana habari.

Sheria ipo, tusiseme haipo. Katiba yetu ya mwaka 1977, ibara ya 16, inampa kila mtu hifadhi ya maisha yake binafsi na mawasiliano yake. Bunge likatunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ikazinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Aprili 2024. Novemba mwaka huohuo Benki Kuu ikatoa orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Kwa majirani zetu wa Kenya, Septemba 2023, Kamishna wa Data aliitoza kampuni ya Mulla Pride karibu shilingi milioni 3 za huko kwa mchezo huuhuu wa kutumia namba za watu wa pembeni na kuwatisha. Nilifurahi kusoma hayo. Ila sheria inamwinda mkusanyaji na mchakataji, mwenye ofisi na kompyuta. Hakuna tume itakayokuja Kibaigwa kuniuliza kwa nini mlango ulifunguliwa kutoka ndani.

Mshikaji wangu mmoja, ambaye naye anahangaika na hadithi fupi kama mimi, alinicheka. "Acha kujitesa, bwana! Huku kwetu siri iko wapi? Kila mtu anajua nani anaumwa, nani kafumaniwa, nani anakopa unga kwa Mangi." Akamalizia na methali: mficha uchi hazai.

Hoja yake ina ukweli, na nimekaa nayo siku nyingi. Daftari la Mangi lina madeni ya nusu ya mtaa. Lakini Mangi anajua pia kwamba ulikopa kwa sababu mtoto alilazwa, na wewe unajua kwamba naye bidhaa zile kakopa kwenye duka la jumla. Mnajuana pande zote mbili. Akikutangaza ovyo, kesho hupiti dukani kwake, na wenzako nao watapita mbali. Tena akiingia mteja mwingine wakati anakuandika, utamwona anafunika ukurasa kwa kiganja. Sijui nani alimfundisha. Yule aliyetuma meseji zangu ananiona, mimi simwoni. Hana habari kama mwaka ule kulivunwa au hakukuvunwa. Alichochukua ni kipande tu cha mtu, kilichokatwa pale panapouma.

Na ile methali, mwenye uchi ndiye anayejifunua, mbele ya mkunga. Haisemi umvue mwenzio.

Sisi tunaojiita waandishi nasi tusijitoe. Mara ngapi nimeokota maneno ya mtu kwenye basi nikayafanya hadithi? Kwa hiyo niseme wazi: dada huyu hauzi wali. Nimebadilisha hilo na mengine mawili matatu. Swali lake tu ndilo nimeliacha lilivyokuwa.

Jana usiku nilipitia simu yangu jina kwa jina. Nikafuta Ananidai, nikafuta makabila, nikafuta maumbile ya watu, maana na hayo nilikuwa nayaandika. Nilipofika kwake nikafuta lile neno. Kisha nikabaki nimeishika simu. Nakala ya zamani iko kwa watu nisiowajua, na yeye bado anaamini ni mitandao ya siku hizi.

Kesho nitapita kwake. Sentensi ya kwanza nimeshaitunga mara nne, na kila mara inaanza na "unajua dada, hizi programu". Nimefuta, nikaanza upya: dada, namba yako niliitoa mimi.