Tembe Moja, Haja Mbili

Walitujia ndugu wawili katika darsa yetu hapa Tena, mashariki ya Nairobi, katika wiki moja, na suali lao lilikuwa moja. Wa kwanza ni mzee wa kwetu pwani aliyehamia mtaa huu zamani. Tulikuwa tumemkosa katika safu ya mbele kwa miezi mitatu, tukidhani yumo safarini. Kumbe yumo nyumbani mwake. Tezi dume imemvimba, mkojo wamtoka kwa matone, naye aona haya kuingia msikitini. Tabibu amemwandikia dawa iitwayo finasteraidi, miligramu 5 kila siku. Wa pili ni kijana anayetaka kuoa baada ya Idi, na nywele za utosi zamwondoka. Yeye ameinunua dawa hiyo hiyo dukani pasi na cheti cha daktari, naye huikata kila tembe vipande vinne kwa wembe. Kila mmoja aliuliza: Je, yafaa?

Yatupasa tukiri kosa letu. Mzee tulimhurumia, na kijana tulimcheka. Akatuambia: "Nyinyi masheikh mwaona upara ni jambo dogo kwa kuwa mmekwisha oa." Tukanyamaza, kwani alisema kweli. Mwenye kuuliza dini yake hachekwi.

Kwanza, ndugu msomaji, ni vema kuijua dawa yenyewe. Mwaka 1974 wataalamu wa Marekani waliandika habari za watu wa Jamhuri ya Dominika ambao kwa kuzaliwa miili yao haiwezi kuigeuza homoni ya kiume kuwa ile iliyo kali zaidi. Wanaume hao tezi dume zao ni ndogo, wala hawapati upara. Hapo wenye ilimu wakatambua kwamba maradhi ya mzee na upara wa kijana yana asili moja, ikatafutwa dawa ya kuizuia homoni hiyo. Serikali ya Marekani iliiruhusu kwa tezi dume mwaka 1992, miligramu 5, kwa jina la Proscar. Na kwa upara mwaka 1997, miligramu 1, kwa jina la Propecia. Basi kijana hakukosea kudhani ya kuwa dawa ni moja. Alikosea kudhani kwamba dawa ikiwa moja, hukumu nayo ni moja.

Wako wasemao: Mtume s.a.w. alipoamrisha watu watafute dawa, aliuvua uzee, akaeleza kuwa huo hauna dawa. Basi kwa nini tupigane nao? Twajibu: aliloeleza ni kwamba uzee hauondoki, wala hakusema kwamba maumivu ya mzee yasitibiwe. Macho ya mzee yakiingia mtoto wa jicho twampeleka hospitali, wala hapana amwambiaye avumilie giza kwa kuwa ni uzee. Mkojo uliomtenga mtu na jamaa ya Waislamu una haki zaidi ya kutibiwa.

Wako pia wasemao kwamba kuotesha nywele ni kubadilisha maumbile ya Mwenyezi Mungu. Hili nalo halikusimama. Katika hadithi ya watu watatu wa Bani Israil, mwenye upara alipanguswa kichwa na Malaika, akapewa nywele nzuri. Na alilolaumiwa baadaye ni ubakhili na kukanusha neema. Kurudisha kilichoondoka si sawa na kugeuza kilichoumbwa. Basi katika asili yake jambo hili si haramu.

Walakini baada ya uhalali iko mizani, nayo ni kanuni ijulikanayo na kila mwanafunzi wa fiqhi, kwamba madhara huondolewa. Dawa hii yaweza kupunguza matamanio na nguvu za mwanamume, na hata kuzidhoofisha mbegu zake. Mwezi wa Mei mwaka 2025 kamati ya usalama wa dawa ya Umoja wa Ulaya ilithibitisha kwamba fikira za kujiua ni miongoni mwa madhara yake, na habari nyingi walizopokea zilikuwa za watumiao kwa ajili ya nywele. Tena mwenye kuiacha, nywele alizozipata humwondoka. Mzee akiyapima madhara haya, upande wa pili wa mizani aweka usingizi wake, twahara yake, na figo zake. Kijana aweka pambo. Pambo si kitu cha kudharauliwa, lakini halichukui uzito ule. Kwa hiyo mmoja twamwambia: tumia kama ulivyoagizwa. Na wa pili twamwambia: usiitumie mpaka tabibu akupime na akueleze, kisha uchague nawe wajua.

Hapa ndipo tuliposikia lililotutisha. Kijana yule akaa kwa nduguye, na mke wa nduguye ana mimba. Tembe nzima ina ganda, lakini iliyokatwa haifai kuguswa na mwenye mimba, kwani dawa yaweza kupenya ngozi, ikaharibu viungo vya uzazi vya mtoto wa kiume aliye tumboni. Wembe na unga wake ulikuwa juu ya meza wanayolia chakula! Laiti angalikwenda kwa tabibu, angaliambiwa haya siku ya kwanza. Siri yake haikumsitiri yeye, na ilimhatarisha mtoto asiyejua upara ni nini.

Hata mzee siri ingemdhuru. Dawa hii hushusha kwa kadiri ya nusu kile kipimo cha damu kinachotumiwa kutafuta saratani ya tezi dume. Akipimwa na daktari mwengine naye asiseme anachokimeza, yaweza kuonekana salama pasipo na salama.

Haya ni katika imani, lakini haya haikumzuia Sayyidna Ali r.a. kujua hukumu ya mambo ya siri ya mwili wake. Aliona haya kumuuliza Mtume s.a.w., kwa kuwa ni mkwewe, akamtuma Miqdad amuulizie. Haya yake ilimchagulia njia ya kuuliza, haikumfunga mdomo.

Basi mzee tulimfahamisha: ajisafishe, ajifunge kitambaa, atie udhu kwa kila faradhi baada ya kuingia wakati wake, na aingie msikitini maadamu hauchafui. Dawa yataka miezi sita au zaidi, asikate tamaa. Ijumaa iliyofuata alikuja, akasimama safu ya nyuma, karibu na mlango. Kijana tulimwambia kwamba si lazima kumtangazia mchumba habari ya nywele. Lakini akiona dawa imemgusa katika haki ya mke, kuficha ni khiyana. Ameahidi kwenda kwa tabibu. Hajatuambia ataamua nini, nasi hatukumuuliza.

Wallahu aalam.