Aliyetangulia na Haki Yake

Ni vigumu kuona kanuni iliyo nyepesi kueleza kama ile isemayo kwamba aliyetangulia apewe kwanza. Mtoto huijua kabla hajajua kusoma. Zahanati huifuata, na duka, na kituo cha matatu. Twaipenda kwa sababu haiulizi ukoo wa mtu, wala mali yake, wala sura yake. Huuliza saa aliyofika, basi. Lakini saa ya kufika wapi? Hilo ndilo swali ambalo ningependa tulitazame pamoja, msomaji, maana limewagombanisha watu wenye elimu kubwa na mishahara mikubwa kama liwagombanishavyo wenye ndoo.

Fikiri juu ya mabomba mawili ya mkono katika vitongoji vya Bongwe. Kina mama wa bomba la kwanza wameamka saa kumi ya alfajiri, na wa bomba la pili saa kumi na mbili. Jua linapochomoza, bomba la kwanza laharibika. Wenye ndoo wahamia bomba la pili, nao wakuta safu imekwisha pangwa. Wasimame wapi? Aliyeamka saa kumi husema kwamba usingizi alioukosa ni mwingi kuliko wa mtu yeyote aliye pale. Mwenyeji humjibu, "Mama, uliwatangulia wenzio wa kule. Mimi sikuwa katika safu yako, na bomba hili ndilo litoalo maji." Wote wawili wamesema kweli, na hapo ndipo penye tabu. Ugomvi wa mkweli na mwongo huamuliwa upesi. Ugomvi wa wakweli wawili hukesha.

Ndege zinazotua katika uwanja wa Ukunda hupita karibu nasi kila siku, na kijana anayezitazama hudhani kuwa rubani amekwisha kutoka katika mambo ya safu na ndoo. Sivyo. Katika mashirika mengi ya ndege duniani majina ya marubani huandikwa katika orodha moja kwa mfuatano wa tarehe za kuajiriwa. Nafasi ya mtu katika orodha hiyo ndiyo inayoamua lini atakuwa rubani mkuu, ataendesha ndege ya namna gani, na njia ipi, na kama atapata ruhusa siku ya Idi au ya Krismasi. Shirika likipungukiwa na kazi, wa mwisho katika orodha ndiye wa kwanza kuondolewa. Na rubani akihamia shirika jingine huanza chini kabisa, hata kama ameruka miaka 20. Ujuzi wake husafiri naye. Nafasi yake hubaki nyuma. Ni mali ambayo haiuziki wala haihamishiki. Basi, nini hutokea nyumba mbili zinapokuwa moja?

Mwaka 2005, huko Marekani, shirika kongwe la US Airways, lililokuwa limefilisika, liliungana na America West, shirika changa lililokuwa na nguvu zaidi. Marubani wa pande zote mbili walikuwa wanachama wa chama kimoja, na kanuni za chama hicho zilisema kuwa wakishindwa kupatana juu ya orodha, mwamuzi atateuliwa na neno lake litakuwa la mwisho. Walishindwa. Mwamuzi, George Nicolau, alitoa hukumu mwaka 2007. Kileleni aliwaweka marubani zaidi ya 500 wa US Airways, kwa sababu shirika lao lilikuwa na ndege kubwa za safari ndefu ambazo wenzao hawakuwa nazo. Lakini wale wa US Airways waliokuwa wamesimamishwa kazi kabla ya muungano aliwaweka mkiani. Baadhi ya watu waliokuwa na miaka zaidi ya 15 tangu kuajiriwa walijikuta chini ya vijana walioandikwa karibuni tu. Mwamuzi alitazama kila mmoja alikuwa na nini mkononi siku ile, na angeweza kutumaini nini kama muungano usingekuwapo.

Marubani wa US Airways walikuwa ndio wengi. Waliikataa hukumu, na mwaka 2008 kwa wingi wa kura zao wakakiondoa chama kile na kuweka kingine, kilichoshika tarehe ya kuajiriwa kuwa kipimo pekee. Miaka ikapita. Shirika lilikuwa moja kwa jina, lakini marubani waliruka katika makundi mawili chini ya mikataba miwili, na nyongeza ya mshahara ambayo mkataba mmoja ungeweza kuwaletea wote haikuja. Orodha ya pamoja ilipatikana mwaka 2016 tu, baada ya muungano mwingine, safari hii na American Airlines.

Nawahurumia wakongwe wale. Mtu aliyetoa miaka 17 ya ujana wake hana miaka 17 mingine mfukoni. Hata hivyo naona walikosa. Kipimo walikikubali wakati ambapo hawakujua kitamwangukia nani, na waliposhindwa walikivunja kwa sababu walikuwa wengi. Kina mama wa bomba la kwanza wakiwa 30 na wenyeji wakiwa 10, kura yaweza kuwapa maji; haiwezi kuwapa haki.

Tukirudi kwetu, pana jambo jingine ambalo orodha ya marubani hailionyeshi. Novemba 2022 marubani wa Kenya Airways waligoma wakidai michango ya mfuko wao wa uzeeni na malipo yaliyozuiliwa wakati wa korona. Baada ya siku chache mahakama iliwaamuru kurudi kazini. Marubani wana chama chao. Wahudumu wa ndani ya ndege na wapakiaji wa mizigo wana chama kingine. Mpakiaji aliyeinama chini ya masanduku miaka 20 naye ametangulia, lakini ndege yaweza kuruka bila yeye, kwa kuwa mwingine atayapakia. Bila rubani hairuki. Nakuomba, msomaji, ulipime jambo hili kwa utulivu. Huenda tunayoiita heshima kwa aliyetangulia mara nyingi ni hofu ya yule awezaye kusimamisha kazi. Sisemi kuwa marubani hawakuwa na haki. Nasema haki ya namna ile ile, akiwa nayo mnyonge, hunyamaza.

Na kama kuungana kuna tabu, kuachana kuna tabu zaidi. East African Airways ilianzishwa mwaka 1946, ikawa ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Mwaka 1977 ilikufa pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki, na kila nchi ikawa na shirika lake. Miaka ya kazi waliyoitoa watumishi wa Jumuiya ile, katika ndege, reli, bandari na posta, ikawa miaka ya nyumba isiyokuwapo tena. Mali iligawanywa kwa mapatano yaliyotiwa sahihi Arusha mwaka 1984, baada ya upatanishi wa Mswisi Victor Umbricht: Kenya asilimia 42, Tanzania 32, Uganda 26. Kila serikali ilikubali kuwalipa raia wake kiinua mgongo na pensheni. Ndege na majengo hugawanyika kwa asilimia. Miaka ya mtu haigawanyiki hivyo, na hapakuwa na kipimo kilichokubaliwa kabla ya nyumba kuanguka. Hata baada ya mwaka 2000 wazee waliostaafu katika Jumuiya walikuwa wakikusanyika Dar es Salaam na karatasi zao za ajira mikononi, wakingoja kuitwa kwa majina.