Mzizi Uliodhaniwa Kufa



Huko Marekani, katika milima ya jimbo la Montana, huota ua dogo la rangi ya waridi, na pengine jeupe, ambalo wenyeji hulijua kwa jina la mzizi mchungu. Makao yake si bonde lenye rutuba, bali ni miteremko mikavu yenye changarawe na mawe. Wasalish, watu wa asili wa nchi ile, tangu zamani huuchimba mzizi wake kwa chakula, na mavuno yanapoanza hukusanyika kumshukuru Muumba.

Mwaka 1806 msafiri Meriwether Lewis alichuma mimea hiyo, akaikausha, ikapelekwa mbali hadi mji wa Philadelphia. Kwa macho ilikuwa mikavu kabisa. Lakini mmoja ulipopandwa bustanini, ukachipua! Ndipo mtaalamu Frederick Pursh, katika kitabu chake cha mwaka 1814, akauita Lewisia rediviva, yaani uliorudi kuwa hai. Hakika uhai haukuwa umeutoka mzizi ule. Macho ya watu ndiyo yaliyokosea.

Huenda wewe umeingia katika dini karibuni. Siku za mwanzo machozi yalikutiririka katika sala. Sasa ulimi wasoma, nao moyo uko kimya. Jamaa zako wamekutenga, nawe wajiuliza: Je, imani yangu imekufa? Basi litazame ua hili. Majani yake hunyauka kabla halijachanua, na mara nyingi ua hufunguka juu ya udongo usio na hata jani bichi. Kunyauka kwa majani si kufa kwa mzizi. Na Kurani Tukufu mara kwa mara hutuonyesha ardhi kavu ikihuishwa kwa mvua, ili tusikate tamaa na rehema ya Mola wetu.

Lakini zingatia: mzizi ule usingalichipua kama ungaliachwa katika karatasi. Ilibidi utiwe udongoni. Vivyo hivyo, asiyeonja utamu wa sala asiiache akingoja utamu urudi, kwani sala ndiyo udongo wenyewe. Simama kwa wakati wake, sujudu, umlilie Mola wako kwa lugha yako mwenyewe. Wala usimhukumu ndugu yako aliyelegea kwamba amekwisha kufa kiroho. Yaliyo ndani ya mzizi ayajua Mwenyezi Mungu peke Yake.

Mwenyezi Mungu atujaalie subira wakati wa ukame, na azihuishe nyoyo zetu. Amin.