TAFAKURI YA RAMADHANI, SIKU YA 16: Darasa la nyumbani



Ndugu zangu wa Tunduma, nanyi mnaotusoma kutoka Vwawa, Mlowo na ng'ambo ya Nakonde. Wiki hii swali moja limekuja mara mbili: ustadh, je, nimtoe mtoto shule nimfundishe mwenyewe nyumbani, maana huko anarudi na matusi?

Kumtoa shule, hapana. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inataka mtoto akifika miaka 7 aandikishwe shule ya msingi. Ila hilo la kumfundisha nyumbani ndilo tuliloliacha. Tunatoka alfajiri kutafuta riziki mpakani, tunarudi usiku. Asubuhi mtoto yuko kwa mwalimu, jioni kwa ustadh, usiku kwa simu. Na sisi maustadh tunakaa naye saa moja, yeye na wenzake wengi. Tutamjua saa ngapi?

Someni Surat Luqman, kuanzia aya ya 13. Baba yuko na mwanawe, hakuna ubao wala ada. Anamwita kwa upole, anaanza na tauhidi, anaenda kwenye sala na subira, anamalizia na namna ya kutembea na kushusha sauti. Hilo la sauti, ndugu zangu, ustadh hawezi kukusaidia. Mtoto analichukua kwa jinsi baba anavyoongea na mama.

Na katika Bukhari na Muslim, Bibi Rubayyi' bint Mu'awwidh (r.a.) anasimulia kuwa waliwafungisha watoto wao Ashura, wakiwatengenezea vitu vya kuchezea vya sufu. Mtoto akililia chakula anapewa kile cha kuchezea, mpaka wakati wa kufuturu ufike. Mwalimu hapo ni mama.

Mtu ataniambia, "Mimi niliishia la saba, nitamfundisha nini?" Mama yangu, si unauza mchele? Zakatul fitri ni pishi moja kwa kila mtu, yaani vibaba 4, kama kilo 2.5 hivi. Nyumba ya watu 6 ni kilo 15. Mpe mtoto kibaba apime mwenyewe, akosee, amwage, arudie. Hapo amesoma hesabu na fiqhi kwa pamoja, na mwakani atakukumbusha yeye.

Tena sisi wa mpakani tuna somo la bure. Saa yetu ikisema saa 1 kasoro jioni, ya Nakonde inasema saa 12 kasoro. Muulize mwanao: kwani wenzetu wanatutangulia kufuturu? Mwache ahangaike nalo kidogo. Halafu toka naye nje mtazame jua likizama. Ni moja, linazama kwetu na kwao kwa pamoja. Saa za ukutani tumezipanga sisi wanadamu.

Leo baada ya Alasiri, zimeni TV nusu saa, simu iwekeni kabatini, mpime huo mchele. Kesho in shaa Allah tutaangalia nani anastahili kupewa hiyo fitri.

Wabillahi tawfiq.