Muwe Mikono ya Mwalimu

Wanangu, mitihani ya kidato cha sita ikimalizika mwezi wa Mei, wengi wenu hubaki nyumbani mkisubiri majibu, kisha mkisubiri chuo kifunguliwe. Wengine mmeshahitimu chuo na ajira bado hamjaiona. Mnaponiambia kwamba mngependa kujitolea katika shule ya watoto wenye mahitaji maalumu, moyo wangu unafurahi kweli. Lakini msiondoke kabla hamjanisikiliza, kwa sababu pale huruma peke yake haitoshi.

Shule hizi tumezoea kuzitembelea sikukuu inapokaribia. Gari linaingia na mchele, mafuta na sabuni, picha zinapigwa, mgeni rasmi anasema maneno mawili matatu, gari linaondoka. Mchele ni baraka, watoto wa bweni wanaula. Ila fikirieni Jumanne saa nne asubuhi. Mtoto mmoja anataka kushikwa mkono ili penseli isimtoke vidoleni. Mwingine amejichafua na inabidi abadilishwe nguo. Wa tatu ameziba masikio analia, kelele za nje zimemzidi. Na somo la kuhesabu linasubiri. Mwalimu ni mmoja. Saa hiyo ndiyo anayohitaji mtu, na saa hiyo wageni hawapo.

Kwa hiyo mkifika, mwoneni mwalimu mkuu kwanza, mjitambulishe, kisha mmuulize mwalimu wa darasa swali moja: kazi gani tukikusaidia, wewe utapata nafasi ya kufundisha? Huenda akawapa kazi ya kukata kadi za picha, kuosha na kupanga vizibo vya kuhesabia, au kukaa na mtoto mmoja wakati yeye anawashughulikia wengine. Ifanyeni hiyo hiyo aliyoitaja, hata kama ninyi mlikuja na mipango mikubwa zaidi. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni anayedai kuongozwa, kupigwa picha na kushukuriwa kila saa anamwongezea mwenyeji mzigo.

Pia kubalini kufundishwa. Mwalimu wa elimu maalumu amesomea kazi yake; Chuo cha Patandi kule Arusha kinaandaa walimu wa namna hiyo. Na mahitaji ya watoto hayafanani. Shule ya Buguruni Viziwi, pale Dar es Salaam, ni ya watoto viziwi, na kwao lugha ya alama ndiyo lugha ya masomo na ya michezo. Unapozungumza na kiziwi, simama kwenye mwanga, mwelekee usoni, usipige kelele. Asiyeona husoma kwa vidole, kwa nukta nundu, mwandiko ambao kila herufi yake hutokana na mpangilio wa nukta sita. Mkiingia alipo, tajeni majina yenu, na msimvute mkono. Mpeni kiwiko akishike ninyi mkitangulia. Mwenye ualbino mara nyingi haoni mbali, basi akae mbele, mwandiko wa ubaoni uwe mkubwa, na kofia asiisahau anapotoka juani.

Kulisha nako kuna utaratibu. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo akae wima, kijiko kiwe na chakula kidogo, na msimwongeze kabla hajameza, maana chakula kikipita njia ya hewa ni hatari. Mtoto akipatwa na kifafa, ondoeni vitu vya kumwumiza, mlazeni ubavu, msimtie chochote mdomoni, na mtazame saa. Kifafa hicho kikipita dakika tano, mkimbizeni hospitali. Mambo haya mwombeni mwalimu awaonyeshe siku ya kwanza, msingoje yatokee.

Jambo lingine ni heshima. Mwiteni mtoto kwa jina lake, msimwite kwa ulemavu wake. Anapohangaika na vifungo vya shati, subirini; kufunga kifungo ni somo lake la siku hiyo, na mkimfungia mnamnyang'anya. Simu ikae mfukoni. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamlinda mtoto huyu kama inavyomlinda mwingine yeyote, na sura yake si ya kuwapatia ninyi sifa mtandaoni. Msijifungie naye peke yenu chumbani. Mambo ya bafuni na chooni yasimamiwe na matroni au patroni. Na mliyoyajua kuhusu familia yake yaishie hapo hapo shuleni.

Nimeliacha la mwisho kwa makusudi, kwa sababu ndilo linalowashinda wengi: kurudi. Mtoto mwenye usonji hutulia pale siku yake inapokwenda kwa utaratibu anaoujua. Akishakuzoea, wewe nawe umeingia katika utaratibu huo. Ukitoweka bila neno, siku yake inavurugika, na anayebaki kumtuliza ni yule yule mwalimu uliyekwenda kumsaidia. Kwa hiyo msiahidi wiki nzima kwa sababu ya furaha ya siku ya kwanza. Ahidini asubuhi moja kwa wiki kama hiyo ndiyo mnayoimudu, muitimize mvua inyeshe jua liwake.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inasema watoto hawa wana haki ya kusoma kama wenzao. Haki hiyo inamfikia mtoto kupitia mwalimu aliyechoka, kwenye darasa lililojaa, siku za kawaida zisizo na wageni. Nendeni siku hizo. Na muda wenu ukikaribia kwisha kwa sababu chuo kimefungua au mmepata kazi, mwambieni mwalimu mapema, mumlete kijana mwingine, mkae naye darasani mpaka watoto wamzoee, ndipo muage.