Tairi la Mbele Kwanza, Wanangu

Wanangu mnaobeba watu kwa moto, yaani pikipiki, hapa Kindu, jambo hili nimelisema msimu baada ya msimu, na mwaka huu nalisema tena. Mvua zikirudi mwezi wa tisa mnajaa kwa wauza vipuri, kila mmoja anaulizia tairi lenye meno marefu kupita la mwenzake. Kiangazi kikifika mwezi wa sita, tairi hilohilo limelika katikati, pembeni bado jipya, na mwenyewe analalamika kwamba vitu vya siku hizi ni feki. Huenda ni feki kweli, feki zimejaa. Lakini mara nyingi tairi halina kosa. Ulilinunua kwa ajili ya njia ambayo wewe huipiti.

Someni kwanza ardhi yenu, wanangu, kabla ya kusoma bei. Udongo huu mwekundu una tabia mbili. Mvua ikipiga nusu saa tu, juu panateleza na chini bado ni pagumu: utando mwembamba wa potopoto umelala juu ya ardhi iliyoshindiliwa na magurudumu ya miaka mingi. Hapo tairi linatakiwa likate ule utando, likaguse kilicho chini. Kinachosaidia ni kingo kali za meno na nafasi kati yao, wala si urefu wa jino. Ukishavuka mto, ukaiacha Alunguli nyuma na kushika njia ya Kalima, mambo yanageuka. Chini ya miti jua halifiki, na malori yamechimba mifereji ambayo gurudumu zima linazama. Huko ndiko krampo ndefu, yaani tairi za meno marefu, zinakostahili sifa zake. Zinachimba, na gurudumu likizunguka, matope yanarushwa nje kupitia zile nafasi. Tairi la lami lenye mifereji myembamba linajaa matope kwa mzunguko mmoja, na baada ya hapo ni sawa na tairi kipara.

Sasa tazameni mwezi wa saba. Udongo uleule umekuwa mgumu kama tofali lililochomwa, na juu yake kuna vumbi na changarawe. Lile jino refu lililokuokoa kwenye mfereji linakuwa adui yako. Ukikanyaga breki linapinda. Ukiinamisha moto kwenye kona linapinda tena, na wewe juu unahisi kama chombo kinayumba bila ruhusa yako. Kwa kuwa nafasi kati ya meno ni kubwa, mpira unaogusa ardhi ni kidogo, na moto inachelewa kusimama. Kwenye vipande vyetu vya lami ni vibaya zaidi, hasa vikilowa. Hapo pia ndipo meno yanapoliwa haraka, kwa sababu mpira unasuguliwa na kitu kisichosogea.

Basi nawauliza, na kila mtu ajijibu moyoni mwake bila kujionyesha kwa wenzake: kilomita zako unazitumia wapi? Wengi wenu hamtoki mjini. Mnazunguka Kasuku na Mikelenge, sokoni, kituo cha treni, kivukoni, mnarudi. Anayekwenda Kibombo mara mojamoja kupeleka mzigo wa mtu hana sababu ya kuvaa krampo za porini mwaka mzima. Huyo achukue tairi la mchanganyiko: meno ya wastani, mapana, yaliyokaribiana katikati ili lisimame imara pakavu, na yaliyoachana pembeni ili lishike moto inapoanza kuteleza. Litamchosha kidogo siku ya matope mazito, atashuka asukume. Kusukuma si aibu. Lakini anayeishi kwa njia ya Kalima au Punia, anayeleta mchele na mafuta ya mawese kutoka vijijini mvua kwa jua, huyo anunue krampo, na akiingia mjini apunguze mwendo, akijua kwamba moto yake inachelewa kusimama.

Msidhani mvutano huu ni wa Maniema peke yake. Kule Ufini, mwaka 1934, kiwanda cha Suomen Gummitehdas, ambacho leo tunakijua kwa jina la Nokian, kilitengeneza tairi la malori kwa ajili ya barabara zilizofunikwa na theluji. Mwaka 1936 kikatoa la magari madogo, Hakkapeliitta. Tangu hapo watu wa nchi za baridi wanabishana jambo lilelile mnalobishana ninyi chini ya mwembe: tairi linaloshika sana theluji linayumba kwenye barabara kavu, na linalotulia pakavu linakuacha mtaroni theluji ikianguka. Ndugu zetu walioko Montreal wanaijua habari hii vizuri. Jimbo la Quebec limelazimisha kwa sheria tairi za majira ya baridi tangu 2008, na sasa muda wake ni kuanzia tarehe 1 Desemba hadi 15 Machi. Ila wao wana seti mbili: moja inavaliwa, nyingine imehifadhiwa, na majira yakigeuka wanabadilisha. Ninyi mna seti moja ya kupitia matope na vumbi. Kwa hiyo uchaguzi wenu ni mzito kuliko wao, na mnaufanya kwa haraka zaidi.

Hapa nina neno na wenye jeep na magari madogo, kwa sababu tairi zile za theluji zinawafikia. Zikichoka Ulaya, nyingi zinapandishwa meli kuja Afrika kama okazioni. Mnaziona zina mikato mingi myembamba juu ya kila jino, zinapendeza, na ubavuni zina herufi M+S. Muuzaji anawaambia hizo ni za matope. Ni kweli herufi hizo zinataja matope na theluji, lakini aliyeziandika hakuwa akiiwaza njia ya Punia. Tafuteni alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji katikati. Ukiiona, jua kwamba mpira wake ulipikwa ubaki laini kwenye baridi, hasa chini ya nyuzi 7 za Selsiasi. Kindu, usiku wa baridi kuliko yote wa mwezi wa saba bado ni zaidi ya mara mbili ya hapo. Kwenye joto letu mpira ule unalegea, gari linachelewa kusimama, na tairi linaisha mbele ya macho yako. Ile mikato iliundwa ing'ate theluji. Potopoto yetu inaiziba tu. Na magari yana kanuni yake: tairi zote nne ziwe za aina moja. Mbili za theluji na mbili za kiangazi kwenye gari moja ni kutafuta ajali kwa fedha yako mwenyewe.

Niwaambie kitu pembeni, mtanisamehe, mzee akianza hasimami. Dunlop alipotengeneza tairi la upepo kule Belfast mwishoni mwa miaka ya 1880, dunia nzima ililia mpira, na sehemu ya mpira huo ilitoka kwenye mitambaazi ya misitu ya Kongo, enzi za Mfalme Leopold, kwa fimbo na kwa damu. Babu zetu waligema utomvu ili watu wa mbali watembee juu ya upepo. Leo tunauziwa tairi ambalo wao wamelimaliza, nasi tunapigania kulinunua. Haya, tuendelee.

Linalonichosha kuliko yote ni hili la tairi la mbele. Kila mkipata fedha mnanunua la nyuma. La mbele linabaki kipara mpaka nyuzi zinaonekana, kwa hoja kwamba la nyuma ndilo linalosukuma. Linasukuma, sikatai. Lakini fikirini kinachotokea linapokosa mshiko: linazunguka bure na moto inasimama palepale. Utapoteza dakika, utapoteza petroli, mwenzako atakuja kukusukuma, mtacheka. La mbele likikosa mshiko uko chini kabla hujataja jina la Mungu, na abiria wako juu yako. Tena ukipiga breki uzito wote unakimbilia mbele, kwa hiyo tairi lile ndilo linalokusimamisha. Mwenye fedha ya tairi moja anunue la mbele kwanza. Mwenye fedha ya mawili, ushauri wangu ni huu: mbele aweke lenye meno yaliyoachana zaidi, kwa ajili ya kushika na kuongoza, nyuma aweke lenye meno yaliyokaribiana, kwa sababu ndilo linalobeba mzigo na kuvuta, na krampo ndefu pale haimalizi msimu. Najua mtaani mnafanya kinyume. Endeleeni kunibishia, ila nendeni mkawaulize waliovunjika mfupa wa bega.

Halafu someni ubavu wa tairi, si rangi ya karatasi iliyofungiwa. Ukiona 3.00-18, maana yake upana ni inchi 3 na rimu ni inchi 18. Usikubali kubandikwa tairi la kipimo kingine eti linaingia. Ukiona 52P, ile 52 inasema tairi hilo limeruhusiwa kilo 200, na P ni mwendo usiozidi kilomita 150 kwa saa. Mwendo huo Kindu hamtaufikia, lakini kilo 200 mnazivuka kila siku. Moto yenyewe inakaribia kilo 110. Weka dereva, abiria wawili na gunia la mchele la kilo 50, kisha kumbuka kwamba sehemu kubwa ya uzito huo imekaa juu ya gurudumu la nyuma. Tairi linalopasuka hivyo halikurogwa na mtu. Tafuteni pia tarakimu nne mwishoni mwa maandishi ya DOT: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la okazioni lenye meno mazuri na umri wa miaka kumi ni mpira uliokauka. Lipinde kidogo kwa mkono, na ukiona nyufa ndogo kati ya meno, mrudishie mwenyewe kwa heshima. Kama kuna mshale, uelekee kule gurudumu linakozungukia. Mafundi wengi wanalifunga tairi kinyume, basi simama pale uangalie.

Upepo nao. Yuko anayejaza mpaka tairi linalia likigongwa, ili libebe mzigo. Linagusa ardhi kwa kamba nyembamba katikati, linateleza, na hapohapo katikati linaisha. Yuko mwingine aliyesikia kwamba kwenye matope upepo unapunguzwa. Ni kweli, tairi lililolegea kidogo linatandaza mguu wake na kushika vizuri zaidi. Lakini tairi zenu zina tyubu. Ukilegeza sana na nyuma kuna mzigo, tairi linazunguka juu ya rimu, linavuta tyubu, valvu inang'oka, na uko katikati ya msitu. Ukiwa peke yako, punguza kidogo. Ukiwa na mtu au gunia, baki na kipimo cha kiwanda. Ukirudi mjini mpitie kwado, fundi wa tairi, kabla ya kupakia, akurudishie upepo kwa kipimo chenye mshale, si kwa kugonga na ngumi.

Na tairi jipya lina utelezi wake wa kiwandani. Kilomita 100 za kwanza nenda taratibu, usilaze moto kwenye kona. Kila mwaka kuna kijana anayeanguka siku ileile aliyobadilisha tairi, akashangaa.

Mama anayepanda nyuma yako na mtoto mgongoni hajui 52P, hajui umri wa tairi lako. Amekuuliza bei tu, mkakubaliana, akapanda. Kwa hiyo nawaomba: kesho asubuhi, kabla ya abiria wa kwanza, inama uangalie tairi la mbele. Ndani ya mifereji yake kuna vinundu vidogo vya kuonyesha kiwango. Kama meno yamelingana navyo, usimpakie mtu mpaka umebadilisha.