Watoto Wana Shughuli Zao

Tokyo Monogatari, yaani Hadithi ya Tokyo, ni filamu ya Kijapani ya mwaka 1953, nyeusi na nyeupe, na inapita saa mbili. Nimeitazama juzi usiku, hapa Mji Mkongwe, na tangu hapo namfikiria mamaangu.

Kisa chenyewe ni chepesi. Wazee wawili, mume na mke, wanatoka mji wa Onomichi kwenda Tokyo kuwatembelea watoto wao. Koichi ni daktari. Siku aliyopanga kuwatembeza wazee anaitwa kwa mgonjwa. Shige ana saluni. Hakuna anayewatukana wala kuwanyima chakula. Watoto wanachanga pesa na kuwapeleka Atami, kwenye chemchemi za maji moto, wakapumzike. Makelele ya wageni wengine hayawaachi kulala. Wakirudi mapema, Shige anakasirika. Anayewapa siku yake ni Noriko, mjane wa mtoto wao aliyefia vitani. Anaishi chumba kimoja, lakini anaomba ruhusa kazini na kuwatembeza mjini.

Mwongozaji, Yasujiro Ozu, ameiweka kamera chini, usawa wa mtu aliyekaa mkekani. Unakaa kitako nao, na ukishakaa nao hivyo ni vigumu kujitia ukadhi.

Basi, nami niseme yangu. Mwaka jana, msimu wa wageni, mamaangu alikuja kutoka Makunduchi na nazi, muhogo na kanga ya mke wangu. Mimi kazi yangu ni ya watalii, natoka alfajiri narudi usiku. Siku ya tatu nikampa nauli na pesa kidogo, nikamwambia aende kwa mama mdogo Mwanakwerekwe, kule kuna nafasi, atapumzika.

"Sawa mwanangu. Mna kazi nyinyi."

Akakunja nguo zake. Baadaye nikamwomba radhi kwa simu. Akanambia keshakuwa radhi zamani, akaniombea dua. Nikalala vizuri kabisa, kwa sababu sisi tumelelewa hivyo: ukishapata radhi ya mzazi, umesalimika.

Filamu hii imenitia wasiwasi hapo. Wale wazee nao wako radhi. Wanaambiana kwamba watoto wao ni wazuri kuliko wa watu wengi, kwamba wao wana bahati. Hawasemi uongo. Ila ili waweze kusema hivyo, imebidi wapunguze walichokuwa wakikitarajia. Nadhani mamaangu naye alifanya hivyohivyo. Radhi yake ni kweli, lakini inaonyesha wema wake yeye. Mimi sikuwa nimefanya lolote la kuistahiki.

Je, dawa ni kujuta? Ozu hatupi njia rahisi hiyo. Mama anapofariki, Shige analia kwa uchungu wa kweli, kisha wakiwa bado wanakula baada ya mazishi anaulizia nguo za marehemu. Noriko naye, baba mkwe anapomsifu na kumpa saa ya marehemu, anakataa sifa: anakiri kuna siku zinapita bila kumkumbuka mumewe. Anayelia sana ndiye aliyewaona wazee mzigo, na anayesahau ndiye aliyewatendea wema. Kwa hiyo uchungu wa moyoni si kipimo. Kilichomtofautisha Noriko ni siku moja aliyoiomba kazini.

Siku moja hata mimi ninayo. Makunduchi kwa daladala unakwenda na kurudi siku hiyohiyo. Sikuwahi kuzuiwa na umbali. Nimeshaomba ruhusa ya Jumatano. Sidai kwamba ndiyo nimelipa kitu.

Jana nikampigia kumwambia nakuja. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kwa sauti ya hofu:

"Kuna nini, mwanangu?"